Mota Iliyoungua Mezani kwa Peres

Saa tatu asubuhi, katika kibanda chake cha Ngara, Peres Tobias anaanza kazi kwa kuifunga mota mdomo. Anakata kipande cha tepu nyeusi na kukibandika kwenye kibati chake, pale palipoandikwa volti.

"Sitaki inidanganye kabla sijaipima," anasema.

Kazi yake ni kuoanisha mota za DC, nyingi zikiwa mitumba ya viwandani, na draivu, kile kisanduku cha kielektroniki kinachoamua mota izunguke kwa kasi gani. Wawili hao wakipatana, mashine hutii kuliko mtoto wa kwaya. Wasipopatana, mota huungua.

Mteja wa leo ni Muthoni, mfumaji wa sweta za shule katika Kenyatta Market. Ameketi, mkoba magotini, na hajaiondolea mota macho tangu aingie. Ana sababu.

Desemba 2002, miaka sita iliyopita, Peres alimuuzia mota ambayo kibati chake kilisema volti 180, sawa kabisa na draivu ya mashine yake ya kufuma. Kumbe kibati kilitolewa kwenye mota nyingine huko kwa vyuma chakavu. Yenyewe ilikuwa ya volti 90. Iliungua siku ya nne, shule zikikaribia kufunguliwa, na sweta 140 hazikufumwa. Muthoni aliirudisha ikiwa nyeusi, na hakurudi tena mpaka leo.

"Nilisoma kibati, sikusoma mota," anasema Peres, mama wa miaka 47. "Kosa lilikuwa langu."

Jioni ile alitembea kwa miguu hadi kwake Kangemi, maana hakutaka watu wa kwenye matatu wamwone akilia. Mota yenyewe hajawahi kuiuza, ingawa wanunuzi wa shaba humsumbua kila wiki. Iko mezani, inazuia karatasi zisipeperuke. Mimi ningeitupa zamani, lakini mimi si Peres.

Sasa anaiunganisha mota mpya na drili inayozunguka mara 500 kwa dakika, theluthi ya kasi iliyoandikwa kwenye kibati. Mota ikizungushwa hivyo hutoa umeme wake yenyewe. Mita inasoma volti 58.

"Mara tatu ni ngapi, Mama Shiku?" anamuuliza Muthoni.

"Mia moja sabini na nne."

"Haya, bandua tepu."

Muthoni anabandua. Kibati kinasema 180.

"Kupungua kidogo hivyo ni kawaida," Peres anamweleza. "Itaelewana na draivu yako."

Muthoni bado hatabasamu. "Hata ile ingine ulikuwa sure, Mama Quincy."

"Ile sikuipima. Hii umeona na macho yako."

Muthoni anaigeukia ile nyeusi mezani, anaigusa kwa kidole. "Na hii ndio ile yangu?"

"Ndio yako."

Peres anakohoa kidogo, kisha anamwambia jambo ambalo naona amelibeba miaka yote sita: mwaka ujao ataisuka upya kwa waya mpya, iwe ya volti 180 kweli, na ampe iwe spea yake, bure.

"Na kibati?"

"Sitagonga namba mpaka nikuite uje uone ikipimwa."

Muthoni anaipakata mota yake mpya kama mtoto, na hatimaye anacheka.

"Niite, nitakuja," anasema. "Lakini nakuja na mita yangu."