Weye Unaona Je?

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, Mama Neema aliingia katika chumba chetu cha kusikiliza watu wenye shida, pale mtaani Kasenga, akasukuma beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwa letu, chini ya benchi. Dakika naikumbuka kwa sababu niliandika saa ya kila mtu aliyeingia. Nje, pikipiki zilipiga honi kama kawaida, na seremala wa jirani alikuwa akipiga randa mlango wa mtu.

"Papa Konseye, ndagala iko mingi leo," alisema. "Wanunuzi ndio haiko. Watu wanafunga magodoro tu."

Papa Konseye, yaani Baba Mshauri, ndilo jina nililopewa mtaani. Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa fundi wa redio, nikajifunza kusikiliza watu kutoka katika kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokinakili chote kwa mkono. Kanuni yake ya kwanza ilisema kwamba msikilizaji haamui kwa niaba ya mwenye shida. Akiulizwa, humrudishia swali. Kwa kanuni hiyo tulikuwa tumefika mbali. Tulisimama na wanawake kwenye ofisi za mji, mwezi baada ya mwezi, mpaka wakakubaliwa kutoa mashtaka yao mbele ya polisi mwanamke, mlango ukiwa umefungwa. Tangu hapo watu walianza kuangalia ninachofanya.

Mama Neema alitoka Katogota, kijiji cha kaskazini mwetu, baada ya mume wake kuuawa shambani. Alipofika kwetu mara ya kwanza alikaa saa nzima bila kusema neno. Sasa alikuwa akicheka na kuuza samaki, na mtoto wake wa miaka sita alikuwa ameanza shule.

Wiki ile vita ilikuwa ikishuka katika uwanda wa Ruzizi kuja kwetu. Zawadi, msikilizaji mwenzangu, alitaka tufunge. Nilikataa. "Tukifunga, Kasenga yote itakimbia," nilimwambia, na sentensi hiyo ilinipendeza.

Lakini Jumapili nilikuwa nimewapandisha mke wangu na watoto wetu wawili katika boti ya Bujumbura, ng'ambo ya ziwa. Nilisema wamekwenda kumuuguza mama mkwe.

"Papa, niambie tu," alisema Mama Neema. "Niende ao nibakie? Iko boti saa nne."

"Weye unaona je?"

"Minye naona nakuuliza weye."

Zawadi alicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaendelea na kazi.

"Nini inakuogopesha zaidi, kuondoka ao kubakia?"

"Hiyo ni kusikiliza, Papa. Leo sikuja kusikilizwa." Alivuta beseni kutoka chini ya benchi. "Bibi yako anasema je?"

"Ameenda kumuuguza mama yake."

"Atarudia siku gani?"

"Jumamosi."

Alinitazama, akatazama mlango uliokuwa wazi.

"Basi. Muntu anayengojea bibi yake Jumamosi hawezi kuogopa Jumatano."

Aliinua beseni, akatoka. Niliandika: saa mbili na dakika thelathini na tano.

Boti iliondoka saa nne.

Saa tano na nusu risasi zilianza upande wa barabara kubwa. Wanajeshi waliokuwa wakitulinda walipita wakikimbia kuelekea kusini. Mmoja wao aliingia, akanivua viatu, akaendelea kukimbia.

Tulilala sakafuni, Zawadi, wanawake wawili waliokuja kusikilizwa, na mimi.

Bomu la kwanza lilianguka mlimani.

La pili lilianguka nyuma yetu.

La tatu lilivunja dirisha. Baada yake tulisikia mbuzi akilia, kisha hatukusikia kitu.

Asubuhi iliyofuata mtaa ulikuwa na wenyewe wapya, vijana wenye bunduki waliotupa saa moja ya kuzika. Bomu la pili lilikuwa limeingia kwa Mama Neema kupitia bati. Yeye na Neema walikuwa karibu na mlango. Begi la shule lilikuwa mgongoni mwa mtoto, limejaa nguo.

Zawadi aliwaosha nyuso kwa maji ya dumu. Nilisimama pale peku, nikimwangalia.

"Haya, Papa Konseye," alisema bila kugeuka. "Umusikilize sasa."

Tuliwazika katika shimo moja, kwa sababu muda haukutosha kuchimba mawili.

Mke wangu na watoto wako hai. Zawadi hakuwahi kunilaumu tena. Aliacha kazi tu, na tukikutana sokoni ananiuliza habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Chumba kimefunguliwa upya. Wasikilizaji wapya nawafundisha kanuni ya kwanza kama ilivyoandikwa, kisha nawaambia kwamba mtu akikuuliza kama akimbie, umwambie watu wako umewapeleka wapi. Wananiuliza jambo hilo liko ukurasa gani. Nawaeleza habari ya ile Jumatano, pamoja na uongo wangu.

Jambo moja huwa siwaelezi. Kabla hatujawafunika, Zawadi alifungua fundo katika kitenge cha Mama Neema, akahesabu noti mbele yangu. Zilikuwa faranga elfu thelathini na nne. Nauli niliijua vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimeilipa Jumapili: elfu ishirini kwa mtu mzima, elfu kumi kwa mtoto. Angeshuka Bujumbura na mwanawe akiwa bado na elfu nne.