Gari la Mama Mkwe Lililogoma Kuongea na Mashine

Haya, sogeeni jamani, sogeeni! Wewe uliye mlangoni funga huo mlango, maana upepo wa Same ukiingia humu utabeba maneno yangu mpaka Hedaru, na mimi sina nauli ya kuyafuata. Wa nyuma mnanisikia? Basi leo nawapa ile ya jinsi nilivyopata mke kwa kipande cha waya. Mkiniona naongeza chumvi, niacheni. Stori bila chumvi ni makande ya mgonjwa.

Mimi ni fundi magari, hilo mnalijua. Shule sikuiona. Walikwenda kaka zangu, mimi nikabaki na mbuzi, na mbuzi hawatoi cheti. Ufundi niliupata kwa sikio. Zamani lori likiwa bado liko Mwanga, mimi nimekaa hapa Same na kikombe changu cha chai, nilikuwa nakwambia plagi yake ya tatu inaumwa. Kweli kabisa! Muulizeni yeyote, ila msimuulize dereva.

Sasa nilipata mchumba, binti wa kule juu Suji, anacheka mpaka kuku wanakimbia. Mama yake alikuwa mwalimu wa kwaya, mama mwenye jicho la kuona sauti ya mtu inavyopotoka. Alikuwa na kigari cheupe cha Kijapani, vile vinavyoshuka melini vimeshatumika huko kwao, na kwenye kioo bado kina kikaratasi chenye maandishi kama nyayo za ndege. Jumatatu moja kigari kikagoma. Tambarare kinakwenda vizuri, kikiuona mlima tu kinaanza kukohoa kama mzee wa kiko, na ile taa ya cheki injini inawaka, njano kama kiini cha yai la kienyeji. Wakakivuta mpaka gereji kwangu.

Nikatoka mbio nikainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo shikamoo nimeipokea, sasa nisikilize," akasema. "Jumamosi wazee wako wanakuja kwangu kuposa. Mimi Ijumaa nataka kupanda Suji kwa gari hili hili. Likinifikisha, wazee waje. Lisiponifikisha, wabaki kwao wanywe chai yao. Mtu anayeshindwa na gari langu, nimkabidhi binti wa nini?"

Alipoondoka nikaweka sikio juu ya boneti, sikupata hata neno.

Maana tatizo, ndugu zangu, gari za siku hizi hazisikilizwi kwa sikio. Zina kompyuta, na kuujua ugonjwa wake lazima uchomeke mashine ya kupimia pale chini ya usukani, mashine ndiyo ikwambie. Nami nilikuwa na mashine yangu, kidude kidogo kama kiberiti, unakichomeka kinaongea na simu. Nikachomeka. Simu ikazunguka, ikazunguka, ningeweza kwenda kuchinja mbuzi na kumla, bado inazunguka. Mwisho ikaleta alama nyekundu: imeshindwa kuunganisha. Nikajaribu mara arobaini. Ya arobaini na moja simu yenyewe ikazima kwa hasira.

Jumanne nikapanda basi mpaka Kifaru, kuna fundi ana mashine kubwa, ina ukubwa wa beseni, ina skrini, ina begi lake. Akanikubalia, tukaja nayo. Tukachomeka. Ikaorodhesha magari ya Ulaya yote, mpaka ya watu ambao sidhani kama wana barabara. Ya Japani pia yamo, lakini yale yaliyotengenezwa kuuzwa nchi za nje. Kigari cha mama kilitengenezwa kwa Wajapani wenyewe, watumie wao kwa wao. Tundu la kuchomeka ni lile lile, umbo lile lile, plagi inaingia kama mkono kwenye mfuko wa shati. Lakini ndani kimya. Umeshawahi kumpigia mtu, simu inaita, na unajua kabisa ameishika mkononi anakutazama? Ndiyo hivyo.

"Kaka," fundi wa Kifaru akaniambia huku anafunga begi lake, "hili gari linakujua. Limekataa posa."

Jumatano nikasafiri mpaka Msangeni. Nimesikia kuna mzee kule, fundi wa siku nyingi, ana mashine ya Japani kwenyewe. Ile bodaboda ilivyopanda, nilimwona Mungu kwa karibu, tukasalimiana, nikaendelea. Nikamkuta mzee anapalilia migomba. Nikamwamkia, nikamweleza yote, mpaka habari ya mama mkwe. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

"Mashine ninayo, ila imekufa mwaka jana," akasema. "Na hata ingekuwa hai nisingekupa. Gari lako la miaka hiyo halihitaji mashine, linaongea kwa taa. Kata waya mfupi kama kidole. Lile tundu lina mistari miwili. Mstari wa juu hesabu kutoka kushoto tundu la nne. Mstari wa chini hesabu la tano. Unganisha hayo mawili, fungua swichi, usipige stata. Ile taa ya cheki injini itaanza kukonyeza. Hesabu mikonyezo. Ikikonyeza mbili, ikapumzika, ikakonyeza mbili tena, hiyo ni ishirini na mbili, joto la maji. Thelathini na moja, hewa."

Akaniimbisha namba zote kwa kichwa, maana alinipa karatasi niandike, akaona nimeishika juu chini. Nilirudi Same Alhamisi jioni nimezikariri kama mtoto wa kipaimara.

Ijumaa asubuhi na mapema waya ninao. Na hapo ndipo nikakwama kabisa. Kuona taa ya dashibodi lazima ukae kiti cha dereva. Na kiti cha dereva ni cha mama mkwe! Bibi yangu alinilea na neno moja: kiti cha mama mkwe hakikaliwi, hata kama nyumba inaungua utoke umesimama. Nikalizunguka gari lile mara saba kama Yeriko. Nikajaribu kuchungulia kwa dirisha, jua linang'aa kwenye kioo, sioni kitu.

Mara huyo mama anafika, na kaka yake, yaani mjomba wa binti. Akaniona nimening'inia mlangoni nusu ndani, matako nje.

"Kijana, gari langu unalitengeneza au unaliiba?"

"Mama, nahitaji kuona taa ikikonyeza, lakini hicho kiti... ni chako."

Akanisogeza kando kwa mkoba wake. Mjomba akaangalia upande wa milimani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Nitakaa mimi nihesabu," mama akasema. "Wewe pita huku kwa mlango wa pili, ushike waya wako, na macho yako yabaki kwenye huo waya."

Basi mimi nimelala chali kwenye kiti cha abiria, kichwa kimeingia chini ya usukani, nimefumba macho kwa heshima, waya nashika kwa kupapasa. Tundu la nne juu, la tano chini. Mjomba akapenyeza mkono dirishani akafungua swichi. Mama akainua mkono kama yuko mbele ya kwaya.

"Moja, mbili, tatu. Pumziko. Moja. Pumziko refu. Tena! Moja, mbili, tatu. Pumziko. Moja." Akageuka kwa kaka yake. "Hii taa inajua kuhesabu mapigo kuliko sauti ya pili yote ya kwaya yangu."

"Thelathini na moja!" nikapiga kelele nikagonga kichwa. "Hewa!"

Nikakimbilia mbele, nikafungua boneti, nikafuata bomba la hewa mpaka kwenye boksi la chujio. Nikavuta. Kikatoka kitambaa. Nikavuta tena, kikaja kingine, kinakuja tu kama utumbo wa ng'ombe, nawaambia ningeweza kukianika kutoka Same mpaka Makanya. Kumbe ni kanga, kipande kizima, imenyonywa ndani, ikachana chujio, ikajiviringisha kwenye kile kisensa kinachopima hewa na waya wake ikaulegeza.

Mjomba akaikunjua. "Dada, hii si ile kanga yako ya Pasaka?"

Hata upepo ulisimama, na upepo wa Same hausimami.

"Vumbi," mama akasema taratibu. "Barabara ya kupanda ina vumbi. Niliziba pale mbele ili injini isivute uchafu. Mtu akipita kwenye vumbi si anajifunika pua?"

Sasa niseme nini? Nikisema mama ameharibu gari, sina mke. Nikisema uongo, mjomba ameshika ushahidi na mikono miwili. Nikainama. "Mama, injini nzima haina hata chembe ya vumbi. Sijawahi kuona gari safi hivi. Ila tu nalo linahitaji kupumua."

Mdomo wake ukatikisika upande mmoja. Nikabana waya wa kisensa, nikafunga chujio jipya, taa ikazima. Wakaondoka. Mimi nimebaki barabarani natazama mlima, kila vumbi likipanda nasema ndio wao. Saa nane simu ikaita, mchumba wangu anacheka: "Amefika! Kapiga honi kuanzia kona ya kwanza!"

Jumamosi tukapanda. Baba mdogo wangu, ndiye mshenga wetu, akasimama sebuleni Suji akaanza maneno yake marefu, kwamba tumepita tukaona mti wenye matunda, tumekuja kuuliza mwenye shamba. Akina mama hawatakiwi kusema saa hiyo, wako jikoni na makande. Baba mdogo alikuwa bado hajafika kwenye tunda lenyewe, sauti ya mama ikatoka jikoni na mwiko:

"Jamani fupisheni! Binti mchukueni hata leo, ila huyo fundi haondoki hapa!"