Hatua Arobaini Hadi kwenye Maua

Mwezi uliopita nilimpeleka mpima ardhi kwenye ploti aliyotuachia nyanya yangu pale Nyamasaria, nikasimama nikimkodolea macho. Mtu akikaribia mpaka wetu, hata mwenye utepe wa kupimia, rafiki yangu, mimi simwamini. Nililelewa hivyo.

Nyanya alinunua ploti hiyo Nyamasaria ikiwa bado pembeni mwa mji, kwa bei ambayo hata muuza dagaa wa omena angeiweza. Asubuhi ulisikia fagio na jogoo, basi. Kimya chenyewe kilimsumbua. "Mahali pazuri hivi, tena rahisi hivi? Kuna kitu wanatuficha."

Kitu hicho akakiona kwa jirani, mama muuza viazi aliyetoka Nyeri. Jirani alikuwa amepanda mstari wa maua meupe kati ya ploti zetu. Kwao, alisema, ndivyo mpaka unavyowekwa. Nyanya alizoea mpaka wa mkonge. Akaninong'oneza, "Nyathina, mwanangu, ua lisiloliwa wala kuuzwa lina kazi nyingine." Mukimo wa viazi vilivyopondwa aliotuletea jirani, Nyanya aliumwagia kuku. Mimi nilikula wangu nyuma ya choo, na ulikuwa mtamu kweli.

Basi kila mwaka nilipofika kwa likizo, kabla sijaonja uji, nilitumwa kuhesabu hatua kutoka ukuta wa jikoni hadi kwenye maua. Mwaka wa kwanza, arobaini. Uliofuata, thelathini na saba. Uliofuata tena, thelathini na nne. Nyanya akapiga makofi mara moja tu. "Si nilisema? Anatusogelea."

Siku hiyohiyo akanipa jembe. Niling'oa maua yote jirani akiwa sokoni, na nilijiona askari. Aliporudi jioni hakupiga kelele. Alisimama pale na gunia lake tupu.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kaulize miguu ya huyu mtoto," Nyanya akamjibu.

Kesho yake jirani akayapanda upya. Mukimo haukuja tena. Nyanya alikufa akiniusia nimlete mtu wa utepe, arudishe ardhi yetu.

Ndiye huyo nimemleta. Alipima mara tatu, akakuna kichwa. "Jirani hakuchukua kitu. Nyinyi ndio mmezidi. Maua haya yamo ndani ya ploti yake, hatua nne nzima."

Nilibisha. Nikaenda kwenye ule ukuta wa jikoni, nikahesabu mwenyewe kama zamani. Ishirini na tisa. Jirani alipoyapanda upya aliurudisha mpaka nyuma, upande wake, na bado hatua zimepungua. Nikatazama miguu yangu, hii mirefu niliyokuja nayo kudai ardhi, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikabisha hodi kwa jirani. Alifungua binti yake, mtu mzima sasa. Mama yake alishazikwa kwao Nyeri.

"Umekuja kwa ajili ya mpaka?" akauliza, mkono bado kwenye kitasa. "Mama alituambia mtu wa upande huo akija, tusigombane naye. Achukue anachotaka."

Siku hizi kimya kile hakipo Nyamasaria, magorofa yametuzunguka. Maua yapo, meupe vilevile. Nilisimama mlangoni pale na samahani yangu, na mwenye kuipokea hayupo.