Upinde Uliolegea Mwishoni

Pinde mbili zilikaa juu ya kitanda chetu tangu Jumapili. Mke wangu, ambaye hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, alisimama mlangoni na kapu lake la unga akauliza:

"Papa, hizi njo zitalala hapa, ao sisi?"

Nilimwambia avumilie mpaka Jumamosi. Jumamosi nilitakiwa nirudishe mmoja kwa mwenyewe, na ule ambao ningebaki nao ungekuwa wangu kabisa. Ndivyo alivyosema muhandisi, Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu katika karakana ya kampuni ya shaba, mahali nilipokuwa fundi wa vyuma. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, alikuwa anarudi kwao, na hakutaka kubeba pinde zake. Mmoja ulikuwa wangu, wa pili wa mwenzangu wa idara ya umeme, mtu mrefu kama nguzo alizokuwa akizipanda. Kwa kuwa mimi nilimtangulia kujifunza, mimi ndiye niliyepewa haki ya kuchagua kwanza.

Nilikuwa nimeingia katika mambo haya kwa mlango wa kazi. Wazungu walikuwa na klabu yao ya kulenga shabaha kwa mishale katika mtaa wa Golf, nyuma ya nyumba zile kubwa zenye maua ukutani. Nilitumwa kuunda miguu ya chuma ya kushikilia shabaha zao za majani makavu yaliyosukwa. Nilipomaliza, muhandisi akanipa upinde wa mbao wa klabu nijaribu, labda ili wacheke kidogo. Mshale wangu wa tatu ukaingia katika duara la njano, lile la katikati. Tangu siku ile nikawa ninakwenda kila Jumamosi. Mlinzi wa langoni aliniita "citoyen", yaani raia, nikija na nguo za kazi, na "mungwana" nikija na kofia yangu, kwa maana baba yangu alikuwa mtu wa Maniema na sisi ni Waislamu. Mwalimu wangu wa dini alinipa ruhusa kwa furaha. Aliniambia kulenga mshale ni mchezo wenye sifa katika dini yetu, na kwamba chupa zilizopangwa kwenye meza ya klabu si za kwangu. Nikayashika yote mawili.

Sasa wageni kutoka miji ya shaba ya ng'ambo ya mpaka walikuwa waje kushindana nasi, na katika nafasi nne za klabu moja ilikuwa yangu na moja ya mwenzangu yule mrefu. Walikuwa wakija na pinde za namna mpya, zenye gurudumu dogo kila ncha na nyaya za chuma zinazopishana katikati. Pinde za muhandisi zilikuwa za namna hiyo. Nikikosea kuchagua, hapakuwa na duka Lubumbashi nzima ambalo ningekwenda kutafuta mwingine.

Nilimwomba muhandisi anichagulie. Alikataa kwa Kiswahili chake cha karakana.

"Hapana. Kama mi nakuchagulia, kila mushale ukikosa utasema njo mi nilikosa. Muntu anachagula upinde yake mwenyewe."

Mmoja ulikuwa mkubwa, mweusi. Wa pili ulikuwa mdogo kidogo, rangi ya majani yaliyokauka. Jumapili ile nilizijaribu zote mbili pale klabuni. Ule mweusi nilipouvuta uliongeza ugumu mpaka shavuni, nami nikaupenda kwa ugumu huo. Ule mdogo ulinitia hofu. Ulianza mgumu, ukazidi, halafu karibu na shavu ukalegea ghafla, kama kamba iliyokatika, na uzito ukabaki nusu. Kila ulipolegea nilifumba macho na kugeuza uso, na mshale wangu ukaenda kwenye nyasi.

"Njo kazi yake!" muhandisi alicheka. "Inapumuzika. Weye pia upumuzike."

Sikuelewa. Upinde unaopumzika, nilifikiri, si mshale nao utapumzika njiani?

Mwenzangu mrefu alikuwa amekaa kwenye kiti, anangoja mabaki yangu. "Weye mufupi, twaa ile mweusi," akasema. "Pengine itakuvuta urefuke!"

Nilikuwa na sababu ya kuogopa ulegevu ule. Mama yangu alikuwa wa watu wa hapa hapa, wakulima na wawindaji waliokuwepo kabla ya tanuru la shaba, na babu yangu wa upande wake, nkambo wangu, ndiye aliyenifundisha kushika upinde nikiwa mdogo. Pinde zake za mti zilikuwa na sheria moja iliyopita zote: upinde ukilegea mkononi wakati unavuta, mti umepasuka. Usisubiri. Achia kamba mara moja na geuza uso, maana kipande cha mti kinatafuta jicho. Alikuwa na kovu juu ya nyusi lililofundisha sheria hiyo vizuri kuliko maneno.

Basi nikafanya kile nilichofundishwa kufanya penye mambo mawili yasiyopambanuka. Nilitawadha, nikasali rakaa mbili za istikhara, nikamwomba Mungu anichagulie lenye heri. Nikalala nikingoja ndoto, maana vijana wote wa msikiti wetu walisema jibu huja kwa ndoto. Niliota mama yangu anachekecha unga. Usiku wa pili niliota tena anachekecha unga, safari hii akinikaripia nimesimama kwenye mwanga wake. Unga ni mweupe. Upinde mmoja ni mweusi, mwingine rangi ya majani. Niligeuza ndoto ile huku na huku kazini siku nzima, hata nikatoboa bamba mahali pasipo pake.

Jumatano baada ya kazi nikafunga upinde mdogo kwenye baiskeli, nikaenda kwa nkambo. Alikuwa na shamba lake upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, mihogo na mahindi na mbwa watatu. Nilitaka mkono wake uniambie kile ambacho wangu haukuweza kuniambia.

Aliuzunguka upinde ule mara mbili kabla ya kuugusa. "Eee! Mwana, hii buta iko na mapine kama velo. Nani anaipandaka?" Kwake upinde ulikuwa buta, magurudumu mapine, na baiskeli velo.

"Nkambo, uvute tu polepole. Mi nalomba unambie kama iko muzima."

Nilikuwa sijaweka mshale. Ningeweka mshale, ningemweleza, ningefanya mambo mengi ambayo nimeyafanya kichwani mwangu mara nyingi tangu siku ile. Mzee alisimama wima kama kijana, akavuta. Kifua chake kikafunguka, magurudumu yakageuka, kamba ikafika shavuni, na upinde ukalegea.

"Imekatika!" akapiga kelele. Akaachia kamba, akageuza uso.

Alifanya sawasawa kama mwindaji mwema anavyopaswa kufanya. Lakini upinde ule, ukiachiwa bila mshale, hauna pa kupeleka nguvu yake ila ndani ya mwili wake wenyewe. Ukalia kama sahani ya chuma iliyoanguka kwenye saruji. Mbwa wakakimbia. Waya mmoja uliruka kutoka kwenye gurudumu, na ekseli ya juu, kile chuma ambacho gurudumu huzungukia, ikapinda.

Nkambo alijishika uso, akahakikisha macho yote mawili yapo. Kisha akanitazama kwa huruma. "Nilikwambia iko imekatika," alisema. "Mungu aksanti tuko na macho."

Sikuweza kumwambia kwamba ni kuachia kule bila mshale kulikouharibu. Nilisema pia, "Mungu aksanti," nikala muhogo wake, nikarudi nikisukuma baiskeli ingawa tairi zilikuwa na upepo.

Alhamisi baada ya Alasiri nikamsimulia mwalimu yote. Alikuwa ameketi na sindano yake, anashona kofia, maana ndiyo iliyokuwa riziki yake.

"Mwalimu, nadhani nimejibiwa. Mdogo umeharibika. Basi Mungu amenichagulia mweusi."

"Na unga wa mama yako?"

"Ule sijaujua."

Akakata uzi kwa meno. "Baba, weye uliomba Mungu, halafu ukaenda kulala upesi, kama muntu aliyefungua radio anangoja habari. Nani alikuambia istikhara iko ndoto?"

"Bote banasema."

"Bote. Unamwachia Mungu, kisha unaamka unafanya kazi yako kwa akili aliyokupa. Kile kinachofunguka mbele yako, pita. Upinde iko ya nani leo?"

"Ya muhandisi, mpaka Jumamosi."

"Na weye kazi yako ni gani?"

"Fundi wa vyuma."

Akavaa miwani yake, akarudi kwenye kofia. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, lakini angalau nilijua pa kwenda.

Ijumaa, saa ya mapumziko, nilifunga upinde ule kwenye jiliwa, lile koleo la meza ya kazi. Nililegeza skrubu mbili kubwa za kushikilia mabawa yake, ile mikono miwili inayopinda, mpaka nguvu yote ikaisha. Nikapitisha pamba kwenye mabawa, polepole, juu na chini, maana ufa mdogo usioonekana kwa jicho hunasa nyuzi za pamba. Haikunasa. Nikatoa ekseli iliyopinda, nikachonga nyingine kwenye mashine. Na gurudumu likawa mkononi mwangu, dogo kama kisahani cha kikombe, nikaligeuza, nikaona kitu ambacho ningekiona Jumapili kama ningetazama kama fundi badala ya kutazama kama mjukuu.

Tundu lake halikuwa katikati.

Nilikaa chini. Gurudumu lililotobolewa pembeni linavutwa kwa shida likiwa upande mmoja, na likishageuka upande wa pili linakuwa jepesi. Ulegevu ule ulikuwa umetengenezwa kwa makusudi, mtu alikaa na penseli akaupima. Nilipoufunga tena upinde, nikaweka mshale, nikauvuta kuelekea kifusi cha mchanga nyuma ya karakana, kisha nikautia mshale alama ya chaki mahali ulegevu ulipoanzia. Alama ilikuwa pale pale mkono wangu unapogusa shavu.

Baada ya kazi, nyumbani, nikaweka mshale kwenye ule mweusi nikauvuta. Nilimwomba mke wangu asimame pembeni na chaki. Nilivuta mpaka shavuni, mgumu. Nikavuta mpaka sikioni, mgumu, na mgongo wangu ukapinda kama wa mtu anayeanguka. Nikapita sikio, ndipo magurudumu yakageuka na upinde ukapumzika. Mke wangu akatia alama. Alama ilipita ya kwanza kwa vidole vinne.

"Kumbe hii nayo inalegeaka," akasema.

Ulikuwa unalegea siku zote, mbali, mahali mkono wangu haufiki bila kupinda mgongo. Niliusifu kwa wiki nzima kwamba ni upinde wa kweli, mgumu mpaka mwisho, na mwisho wake sikuwa nimeufikia hata mara moja.

Jumamosi nikapeleka zote mbili Golf na kumwambia muhandisi kila kitu, pamoja na mbwa. Hakucheka. Alitazama ekseli yangu, akatikisa gurudumu, akapitisha ukucha kwenye mabawa.

"Ekseli iko muzuri," alisema. "Lakini upinde iliyopigwa bila mushale, mi siiamini tena. Inaweza kuvunjika kesho, inaweza miaka kumi. Twaa ile mweusi. Iko muzima."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli. Mtu aliyekataa kunichagulia sasa ananichagulia, nami ndiyo kwanza nilikuwa nimejua. Mzima usionifaa, au unaonifaa wenye jeraha nililolisababisha mimi. Mwenzangu mrefu alikuwa ameinuka kwenye kiti, na hakunitania. Niliona anavyoutazama ule mweusi, na mikono yake mirefu ikining'inia.

Nikasema bismillahi, nikamnyooshea yeye ule mweusi.

"Uko na hakika?" akauliza.

"Hapana."

Sikuwa na hakika, na sitasema leo kwamba nilikuwa nayo. Nilijua tu vidole vinne.

Siku ya mashindano nkambo alikuja kwa miguu kutoka shambani, amevaa koti lake la zamani, akaketi safu ya mbele kati ya wake wa Wazungu. Mwenzangu na ule mweusi alilenga vizuri kuliko mimi, na wageni wawili walitupita sisi sote. Lakini mimi sikuaibisha nafasi yangu, na upinde ulishika. Umeshika miaka mingi kupita ile kumi ya muhandisi, na kila mwaka nimeupitisha pamba. Kama ule ndio uliokuwa jibu, au ni nilichokishika tu nikapewa baraka juu yake, sijui. Unga wa mama yangu sijaujua mpaka leo. Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa lile nisilolielewa.

Ninachokumbuka vizuri ni mshale wa kwanza. Nilivuta, uzito ukapanda, ukafika juu, na shavuni upinde ukalegea. Nkambo akaruka kwenye kiti chake.

"Imekatika! Achia! Geuza uso!"

Sikugeuza uso. Kwa mara ya kwanza niliacha macho wazi, nikapumua, nikangoja pale penye ulegevu mpaka duara la njano likatulia.

"Mwana, iko imekatika!" mzee alilia.

"Najua, Nkambo," nikasema, nikaachia.