Kanda ya Marehemu

Nilipoolewa Nzuguni nilikuta watoto wawili, mbuzi, na kanda moja ya redio iliyofungwa kwenye leso. Kanda ilikuwa ya marehemu, mke wa kwanza wa mume wangu. Zamani, mume wangu alipokuwa masomoni Morogoro, marehemu alikuwa mvivu wa kuandika barua. Alikaa mbele ya redio, akabonyeza kitufe, akasimulia habari zote za nyumbani, kisha akampa dereva wa basi kanda apeleke. Iliyobaki ilikuwa hiyo moja.

Nilimwonea wivu mtu aliyekwisha kufa, wala sioni haya kusema. Watoto walikula mlenda wangu huku wakitazamana. Mawifi wakija kutoka Mkonze, hawakumaliza chai bila kusema yule alivyokuwa mchangamfu. Picha yake ukutani niliizoea, maana picha haicheki. Kanda ilikuwa inacheka. Kila binti mkubwa alipoipiga mimi nilitoka nje kutafuta kazi, hata kama kazi hakuna.

Siku moja redio ikaitafuna. Binti alilia mpaka akavimba macho, nasi tukaurudisha utepe ndani kwa kuuzungusha kwa kalamu. Mume wangu akaniambia, "Wewe kazi yako iko mjini. Karibu na soko kuna fundi anahamishia kanda kwenye sidii. Naomba umpitishie." Halafu akaongeza, "Mimi tangu msiba sijaigusa. Ni ya watoto tu hiyo."

Neno hilo la mwisho lilinituliza. Nilikwenda nalo mpaka mjini.

Fundi alikuwa na kompyuta moja, ameifunika kitambaa cha kufuma kwa sababu ya vumbi. Nilitaka nimwachie kanda niipitie jioni. Akakataa.

"Hii haikimbizwi, mama. Redio inapiga, waya unapeleka sauti kwenye kompyuta, mpaka kanda iishe. Na kwa kuwa ilishaliwa, kaa hapa uniambie kama kuna maneno yameruka."

Mimi niliyekuwa naikimbia kanda ile nikawekewa kiti mbele yake. Sauti ikatoka, nzito kidogo, yenye lafudhi ya Kigogo na kicheko cha karibu. Mbuzi amezaa. Mvua imegoma. Mtoto ameota jino. Kisha akasema:

"Na huko chuoni usije ukaniletea mwenzangu. Ila ukimleta, sawa. Atapika yeye, mimi nitakaa nile."

Akacheka sana, na mtoto naye akasikika akicheka. Fundi akatabasamu.

"Sauti yako hii, mama?"

"Hapana."

"Sasa mbona umekasirika?"

Nikamwambia mashine yake inavuma, aitengeneze. Naye akaondoa mvumo wote, marehemu akasikika vizuri kuliko mimi niliyekaa pale. Roho iliniuma, na bado nikamshukuru fundi.

Jumapili sidii ikawekwa kwenye deki. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, mlango uko wazi, sebule yote naiona. Watoto walikaa sakafuni wametulia. Mume wangu alikuwa kwenye kochi, amefumba macho. Mbuzi akazaa, mvua ikagoma, na midomo ya mume wangu ikawa inacheza. Nilisogea mlangoni nione vizuri. Alikuwa anayasema maneno ya marehemu, neno kwa neno, na kila neno yeye alilifikia kwanza.

Jino likaota. Marehemu akavuta pumzi. Kabla hajasema lolote kuhusu mwenzake, mume wangu akaanza kucheka.

Ndipo ikaja ile sauti safi, "Atapika yeye," na watoto wakacheka pamoja na mama yao. Mume wangu akafumbua macho, akaniona nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akaacha kucheka. Nilirudi jikoni, ugali ulikuwa umeanza kuungua.