Kibaba cha Mfuto

Shangazi yangu Mwatumu binti Msafiri alikuwa mtu wa mbele. Hakuwa na cheo wala mali. Alizaliwa Tongoni, akaolewa Chumbageni, akafiwa na mume akabaki na nyumba ya vyumba viwili na tanuri la mikate ya mofa. Lakini katika chama cha Waridi cha lelemama, ngoma ya wanawake ya kushindana kwa mashairi, wanawake wakipanda juu ya bao, lile benchi refu la kuchezea, na kujipanga safu, yeye ndiye aliyesimama mwanzo wa safu. Mkono wake ukienda kushoto, mikono yote huenda kushoto. Mkono wake ukitua, hata wapiga ngoma hutulia.

Mimi nilikuwa nikikaa kwake. Mume wangu alikuwa kibarua wa msitu huko Amani, akishuka mara chache, na mwanangu Sabiha nilimzalia chumba cha uani kwa shangazi. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka wa hamsini na sita, masika yalipokwisha, shangazi aligusa kitu kigumu katika titi la kushoto, kama kokwa ya zambarau. Alinyamaza nacho hata nikamwona anauma kanga kila anapokanda unga. Nikamshika mkono tukaenda hospitali ya serikali. Daktari alisema titi litoke lote. Ndugu wakaja, wengine wakasema apelekwe kwa mganga, wengine wakalia. Shangazi akawaambia, "Mnalilia titi au mnanililia mimi? Mimi nipo." Akaenda kukatwa. Akapona. Jeraha likafunga vizuri, na mofa zikarudi tanurini.

Ila yeye mwenyewe alikuwa hajarudi kwenye bao. Sare ya Waridi ilikuwa gauni lililobana kifuani, na sheria ya chama ilikuwa moja: juu ya bao hakuna kujitanda kanga. Shangazi sasa alijitanda hata akiwa jikoni peke yake. Siku za mazoezi akasema ana mafua.

Basi chama cha Asumini, mahasimu wao, wakapata la kusema. Katika harusi moja ya Ngamiani waliimba hivi, na jirani yetu akaja mbio kutuletea kabla hajavua buibui:

Mnazi ulo mbeleni, dafu moja lapotea,
Wenyewe semezaneni, ni nani ataukwea?

Shangazi alikuwa anachochea moto. Hakuinua kichwa. "Wameimba na nani mbele?"

"Na Bi Saleha mwenyewe," jirani akamtaja kiongozi wa Asumini.

"Sauti ilikuwaje?"

"Sauti nzuri, Bi Mwatumu, nisikufiche."

"Ndiyo kawaida yake," akasema, akaendelea na moto wake. Lakini mofa za siku ile ziliungua, na mimi sijapata kuona mofa zake zikiungua.

Kwa Mzee Uweso kulikuwa na harusi ya binti yake mwezi wa Mfungo Mosi wa mwaka uliofuata, baada ya Ramadhani, na vyama vyote viwili vilialikwa. Wanachama wa Waridi wakaja kumwambia wazi. Asiposimama siku ile, nafasi ya mbele watampa mwingine, na maneno ya Asumini yatabaki kuwa ndiyo ya mwisho mjini. Katika lelemama, shairi lisilojibiwa limeshinda.

 Walipoondoka shangazi akaniambia, "Mwite yule Mkristo wa charahani."

Bibiana alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, na yeye alijifunza kushona kwa masista. Ndiye aliyeshona sare za Waridi zote, akijua kiuno cha kila mwanamke na siri yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unishonee titi."

Bibiana akasema kama mtu aliyeambiwa ashone foronya, "Sawa, bibi. La ukubwa gani?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana shangazi hakutaka kuvua. Alisema jeraha lake limeonwa na daktari na Mungu na yatosha. Akaninyooshea kidole mimi. "Mpime huyu. Nilipokuwa rika lake nilikuwa hivyo hivyo."

Nikapimwa mimi, Sabiha akiwa bado usingizini, hajanyonya tangu alfajiri. Bibiana akashona mfuko wa kitambaa laini, akaujaza sufi ya msufi, akautia ndani ya sidiria. Shangazi alipovaa tulitazamana. Lilikuwa kubwa kuliko mwenzake kwa mbali, na kwa kuwa sufi haina uzito, alipoinua mkono lilipanda likaja chini ya kidevu.

"Hili linataka kusikia ninachosema," shangazi akasema.

Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Nilipomaliza kumnyonyesha Bibiana akanitazama kifua, akajipiga paji la uso. "Ee Mama Maria! Nimepima maziwa!"

Habari haikai nyumba ya uani. Wanachama wa Waridi wakajua, wakaja na maoni yao, kila mmoja na lake, wakikaa juu ya mkeka wanakula mofa za bure. Aliyekuwa na sauti zaidi ni Bi Mkubwa wa chama, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri.

"Uzito ndio unaokosekana," akasema. "Tieni choroko."

"Kiasi gani?" Bibiana akauliza.

"Leteni kibaba."

Kibaba chetu kilikuwa kile cha kupimia mchele, na kila mtu wa pwani anajua kuna kibaba cha tele, ambacho nafaka inapanda juu kama kichuguu, na kibaba cha mfuto, ambacho unapitisha mkono juu yake kikawa sawasawa na ukingo.

"Cha tele," Bi Mkubwa akasema. "Na lile zima nalo litiwe sufi lilingane. Mwatumu atoke kama mwari! Asumini wafe kwa kijicho."

"Cha tele, cha tele!" wakaitikia.

Niliona shangazi anatabasamu kidogo. Nani asiyependa kuambiwa atatoka kama mwari? Likashonwa la kibaba cha tele, na kando ya pili ikajazwa sufi. Alipotokeza mlangoni na sare yake, wanawake walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Alikuwa mzuri. Ila nilipomtazama vizuri nikaona kama ninamtazama mtu wa mji mwingine.

Wakamweka juu ya bao pale uani wafanye mazoezi. Mwanzo alikwenda vizuri. Baadaye bega la kushoto likaanza kushuka. Lelemama haina kuruka, ni utulivu wote, mwili umesimama na mikono ndiyo inayosema, na ukiinama kidogo tu safu nzima inaonekana imeinama. Walioko nyuma yake wakamfuata. Bao zima likalala kushoto kama jahazi lililopakiwa vibaya, na wa mwisho akaanguka juu ya sufuria.

Jasho lilikuwa jingi. Shangazi akaifua ile sidiria, na kwa kuona haya hakuianika uani, aliificha chini ya kitanda ndani ya beseni, na mlango amefunga. Siku chache baadaye nikasikia ananiita kwa sauti ndogo.

"Njoo peke yako."

Nikaenda. Alikuwa ameishika mikononi. Katika mshono, vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetoka, vimejikunja, vingine vina vijani viwili.

"Nimeota," akasema.

Nilitaka kucheka lakini nikamwona uso. Alikaa kitandani na lile titi lililochipua mapajani. "Sitakwenda," akasema. "Mwambieni Bi Mkubwa ampe mwingine nafasi. Mara linapanda shingoni, mara linanivuta, mara linaota majani. Mungu ameniambia kwa njia zote."

 Nilimwekea Sabiha mapajani, pale penye choroko, nikaenda kumwita Bibiana.

Bibiana aliingia, akaitazama ile sidiria, akaiweka pembeni. Kisha akapiga magoti mbele ya shangazi.

"Bibi, nimekosea kazi yangu. Nilipima mtu mwingine, halafu nikasikiliza watu wengine. Gauni la mtu hulipimi kwa jirani. Naomba unioneshe."

"Utaota ndoto mbaya."

"Nimeshona sanda za watu, bibi. Sioti."

Shangazi alinitazama mimi. Nikageuka kutoka, akasema, "Kaa. Mshike mtoto." Akafungua kanga.

Jeraha lilikuwa mstari mrefu, limetulia, limeng'aa kidogo. Na pembeni yake lilikuwapo lile lililobaki, la mwanamke wa makamo, lililolala upande kwa raha yake. Bibiana hakushughulika na jeraha. Alilichukua lile zima kwenye kiganja kwa adabu, akalipima uzito, akafumba macho.

"Unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Namuuliza mwenye nyumba."

Kisha akaniambia nilete kibaba na mtama. Akatia mtama katika mfuko, akaushika kiganja kimoja, titi kiganja cha pili, akapunguza, akaongeza. Mwisho akaurudisha mtama ule ndani ya kibaba, akapitisha mkono juu. Haikudondoka hata punje, wala haikupungua. Kibaba cha mfuto, sawasawa na ukingo.

"Hili ndilo lako," Bibiana akasema.

"Dogo," nikajisemea, kumbe nimesema kwa sauti.

Shangazi alitazama kibaba kwa muda. Akatazama kifua chake. "Si dogo," akasema. "Ndilo. Hili moja nimetembea nalo miaka yote, halijawahi kuniangusha juu ya bao. Nimelipatia mwenzake, nitake nini tena?" Halafu akasema kwa ukali wake wa zamani, ambao nilikuwa nimeukosa, "Na huo mtama uukaange kwanza! Sitaki kuvuna tena."

Tukaukaanga mtama kwenye chungu mpaka ukanukia, tukaupoza, Bibiana akaushona kwa vyumba vyumba ndani ya mfuko usikimbilie chini wote, na mbele akaweka sufi kidogo kwa ulaini. Bi Mkubwa alipokuja kuliona alinuna.

"Mwatumu, mbona la kawaida? Asumini wataona nini?"

"Wataniona mimi."

"Lakini cha tele kilikupendeza!"

"Kilikupendeza wewe, dada. Kishone ukivae."

Wale wengine wakacheka, Bi Mkubwa naye akacheka, mwisho akamkumbatia, kwa uangalifu, upande wa kulia.

"Kumbatia kote," shangazi akamwambia. "Halivunjiki."

Siku ya harusi uwanja wa Mzee Uweso ulijaa. Wanaume walikuwa baraza ya mbele, sisi uani chini ya turubai. Asumini walipanda kwanza, wakaimba lile shairi lao la mnazi kwa madaha, na Bi Saleha, mwanamke mrefu mwenye pete puani, akaliimba huku akiwatazama Waridi mmoja mmoja kama anayetafuta mtu. Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimembeba Sabiha, na Bibiana amesimama kando yangu, ameshika mkono wangu hata unauma.

Kisha bao la Waridi likawekwa. Shangazi Mwatumu akavua buibui, akavua kanga, akampa mtu aliye karibu bila kumtazama. Akapanda. Alisimama mwanzo wa safu na sare yake, kifua wazi kwa macho ya mji mzima, na hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Alikuwa Mwatumu, mwanamke wa makamo, muuza mofa. Mikono yake ikainuka polepole, na ile mingine yote ikainuka nayo. Bega halikushuka. Akaimba mwenyewe, shairi alilolitunga mbele ya tanuri bila kutuambia:

Dafu langu lina maji, mnywaji hajalalama,
Simtaki mpimaji, shina langu lasimama.

 Vigelegele vilipanda mpaka wanaume wakachungulia mlangoni wakafukuzwa. Shairi likarudiwa, na tena, na mara ya mwisho hata wapishi waliacha masufuria wakaitikia. Nililia, sijui kwa nini, maana nilikuwa na furaha. Nilikuwa natamani kila mtu pale ajue kuwa huyu ni shangazi yangu, damu ya baba yangu.

Hapo Bi Saleha akainuka mahali pake. Ngoma ikapungua. Alikuwa amechukua mrashi wa fedha uliokuwa mezani kwa bibi harusi, na akaja nao moja kwa moja mpaka mbele ya bao. Kwetu mtu akikubali kwamba amejibiwa, humtunza aliyemjibu, na hakuna tunzo la heshima kama marashi. Lakini Bi Saleha hufanya kila kitu kwa wingi. Alimimina badala ya kunyunyiza. Marashi yakamwagika kifuani kwa shangazi, upande wa kulia, penye titi lake la kuzaliwa, gauni likalowa likamganda mwilini, na kila mwenye macho akawa anatazama hapo.

Shangazi hakujifunika. Mikono yake haikupoteza hata mwendo mmoja. Alimtazama Bi Saleha kutoka juu ya bao, akamwambia kwa sauti ambayo uani wote uliisikia:

"Na upande wa pili, Bi Saleha. Usipendelee."