Mtambo Usiozimwa

Naona haya kulisimulia jambo hili, hasa kwenu ninyi niliowafundisha (wengine kwa kiboko) kwamba mtu asiamini neno lisilo na ushahidi. Lakini ni heri mlisikie kinywani mwangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilimsindikiza shemeji yangu Makokha, mkulima wa Musanda, hadi kiwanda cha sukari kuchukua kibali cha kukatiwa miwa, kwani miwa yake ilikuwa imepitiliza kukomaa na kila wiki iliipunguzia utamu na uzito. Vibali vilichapishwa na kompyuta moja tu, kubwa kama kabati la nguo, na aliyeiendesha ni Ayuma, mwanafunzi wangu wa zamani. Laiti ningaliketi kwenye benchi kama Makokha! Niliomba kuingia niitazame, na nilipoingia sikuweza kutulia: nikaizunguka, nikaipapasa, nikamhutubia Ayuma (ambaye hakuuliza) kwamba kabla ya mitambo ya aina hii kompyuta zilijaza ukumbi mzima, na kwamba hii nayo hivi karibuni ingeng'olewa kupisha zile ndogo za mezani.

“Wataing'oa ikinguruma hivyo hivyo,” akasema. “Hii hatuzimangi, Mwalimu. Ikilala haiamki.”

“Nani kasema?”

“Watu wote.”

“Watu wote si shahidi. Wewe umewahi kuizima ukaona?”

“Hapana, lakini…”

Nikabonyeza swichi.

Feni zikanyamaza. Nikahesabu hadi kumi, nikaiwasha, taa ziliwaka, lakini diski, zilizokuwa zimezunguka miaka na miaka bila kupumzika, zilikwama, na Ayuma akashika kichwa, nami nikawa naenda huku na huku nikibonyeza hiki na kile, jasho likinitiririka katika chumba chenye baridi, huku Makokha akichungulia mlangoni: “Shemeji, mbona kimya? Kibali kimetoka?”

Fundi ilibidi aitwe kutoka Nairobi, na zikapita wiki tatu bila kibali hata kimoja kutoka. Kanisani walinong'ona kwamba Mwalimu amezima kiwanda, na kwa mara ya kwanza maishani sikudai ushahidi.

Makokha aliuleta mwenyewe: muwa mmoja, mkavu, mwepesi kama bua la mahindi, akauweka juu ya vitabu vyangu.

“Tafuna, shemeji. Usingoje kuambiwa na watu.”

Nilitafuna. Tangu siku hiyo, nikiambiwa kitu fulani hakizimwi, kwanza natia mikono mfukoni, ndipo nauliza nani kasema.